UZI: Skrini ya kontrola inasema "imepita". Je, kifaa chenyewe kimetikiswa kiasi gani? Tuzungumzie jigi na udhibiti wa mtetemo

Mtikisaji
Habari za leo wakuu.

Kila baada ya muda mtu analeta humu grafu ya kipimo cha mtetemo, mstari umetulia katikati ya mipaka ya desibeli 3 juu na chini, halafu anauliza kwa nini waya umekatika ndani ya kifaa ilhali kipimo kilikwenda vizuri. Naomba tulijadili hili kwa kina, kwa sababu vifaa vizuri vinakataliwa na vibovu vinapitishwa kwa ajili ya grafu hiyo.

Kwa mgeni wa mada: sheka ya umeme, yaani mashine ya kutikisia vifaa, inafanya kazi kama spika ya redio. Kuna koili ndani ya uga wa sumaku, umeme ukipita koili inasukumwa. Koili imeshikana na amecha (sehemu inayotembea), juu ya amecha kuna jigi (kishikio cha kifaa), juu ya jigi ndipo kinafungwa kifaa. Kontrola (kompyuta ya sheka) inasoma akselerometa ya kuongoza (kihisi cha mchapuko), inalinganisha na kiwango kilichoagizwa, kisha inarekebisha ishara inayokwenda kwenye amplifaya. Inazunguka hivyo hivyo mpaka kipimo kiishe.

Sasa, ile grafu inaeleza mtetemo wa pale ilipobandikwa akselerometa, basi. Sentimita 15 pembeni, kwenye bolti inayoshika kifaa, hali inaweza kuwa nyingine kabisa, kwa sababu katikati kuna jigi na jigi ina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi) ambayo umbo lake hupenda kucheza nayo. Yakifikiwa, inaanza kucheza yenyewe. Halafu hata pale palipopimwa, kumbukeni kwamba mtetemo wa nasibu (wa masafa mengi kwa pamoja, bila mpangilio) tunaupima kwa g²/Hz, yaani mraba wa mchapuko kwa kila hezi, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia: desibeli 3 juu ni mara mbili, desibeli 3 chini ni nusu. Kati ya mpaka wa juu na wa chini kuna tofauti ya mara nne, na yote inaitwa "imepita".

Msimamo wangu ni huu: jigi ipimwe kabla ya kifaa. Ipimwe tupu, ipimwe tena ikiwa na uzito wa bandia wa kifaa, kwenye mihimili yote mitatu (juu-chini, mbele-nyuma, kushoto-kulia). Majibu yake ndiyo yaamue akselerometa za kuongoza zikae wapi, na kama hiyo jigi inafaa kutumika au irudi karakana.

Karibuni.

Bint Mekanika
Asante kwa uzi mkuu. Sisi maabara yetu tunaweka akselerometa nne, moja kila kona, kontrola inachukua wastani. Hilo si limeshatatua tatizo?

Mtikisaji
Dada, wastani unasaidia ila usiuamini ukiwa peke yake. Chukua kiwango cha 0.16 g²/Hz. Kona tatu zinasoma 0.08 kila moja, kona ya nne inasoma 0.40. Jumlisha: 0.64. Gawanya kwa nne: 0.16 kamili. Kwenye skrini mstari umenyooka kama rula. Kumbe kona tatu ziko desibeli 3 chini na ya nne iko desibeli 4 juu. Kama kwenye hiyo kona ya nne kuna kiunganishi kizito, ndicho kitakachokatika, na ripoti itaandikwa kwamba kifaa ni dhaifu.

Kwa hiyo mkitumia wastani, chapisheni na mistari ya kila akselerometa. Kama zinatofautiana sana kwenye masafa fulani, hapo jigi inazungumza. Kuna njia nyingine, ya kuongoza kwa kubwa kuliko zote: kontrola inafuata akselerometa inayosoma juu zaidi kwenye kila masafa. Hiyo inalinda kifaa, ila kona nyingine zitapata pungufu, na mteja lazima aelezwe mapema. Kuongoza kwa ndogo kuliko zote mimi siwezi kumshauri mtu mwenye kifaa cha thamani mezani.

Mzee wa Karakana
Vijana, mnazunguka sana. Jigi ikiwa nzito haitikisiki ovyo. Tieni chuma, bamba la nguvu, mchomelee, biashara imekwisha. Hizi alumini ndizo zinazowasumbua.

Mtikisaji
Shikamoo mzee. Kwenye kuchomelea niko na wewe kabisa, kiungo kilichochomelewa vizuri kinashinda cha bolti. Ila kwenye chuma naomba tuweke hesabu mezani.

Masafa ya asili ya umbo fulani yanategemea ukakamavu wa madini ukigawanya kwa uzito wake. Chuma: gigapaskali 200, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Alumini: 70 na 2,700. Magnesi: 45 na 1,740. Gawanya zote tatu, utaona zinaangukia karibu namba ileile. Maana yake jigi ya umbo lilelile na vipimo vilevile itacheza kwenye masafa yaleyale, iwe ya chuma au ya alumini. Uzito wa ziada haukununulii hezi hata moja.

Unachonunua ni mzigo kwa sheka. Tuseme amecha kilo 12, jigi ya alumini kilo 18, kifaa kilo 6: jumla 36. Kiwango cha GEVS, kanuni za NASA za kupima vifaa vya anga, kwa vifaa vya kilo 22.7 kushuka chini, ngazi ya kuthibitisha usanifu, kina jumla ya 14.1 g rms (rms ni aina ya wastani wa mtetemo wote). Kani ni masi mara mchapuko: 36 × 9.81 × 14.1, karibu nyutoni 4,980. Jigi hiyohiyo ukiichonga kwa chuma inafika kilo 52, na kani inapanda hadi karibu nyutoni 9,700. Sheka nyingi ndogo hapo zinagoma.

Magnesi inapendwa kwa sababu kwa uzito uleule na eneo lilelile unapata bamba nene mara 1.55 kuliko la alumini, na masafa ya bamba yanapanda sambamba na unene wake. Tena inafifisha mtetemo vizuri zaidi. Tatizo ni bei, na moto wakati wa kuichonga: chenga zake zikishika moto usithubutu kumwaga maji.

Mzee wa Karakana
Marahaba. Hesabu nimeiona, na hiyo ya bei ya magnesi naijua vizuri. Lakini bado nasema unene na mbavu. Hata alumini, mkileta bamba la milimita 10 lenye urefu wa mkono mtalia.

Kijana wa Satelaiti
Naomba msaada wakuu, nadhani nimekuja uzi sahihi. Tuna satelaiti ndogo ya chuo. Jigi yetu ni ya pembe: bamba la chini limefungwa kwenye meza ya kuteleza (inayosukumwa kwa mlalo juu ya mafuta), bamba la wima limesimama, kifaa kimefungwa ubavuni mwa hilo la wima. Alumini, unene milimita 25, bamba la wima lina urefu wa milimita 180. Akselerometa ya kuongoza iko kwenye bamba la chini. Tulipima jigi tupu kwa sini (wimbi laini la masafa moja kwa wakati) ya kiwango kidogo, kutoka hezi 20 hadi 2000. Kwenye hezi 590 juu ya bamba la wima inasoma mara 5 ya chini. Je, ni akselerometa mbovu au ndiyo hali yenyewe?

Mtikisaji
Akselerometa yako nzima mdogo wangu. Chukua fomula ya ubao ulioshikwa upande mmoja: 0.1615 × unene ÷ urefu mraba × kasi ya sauti kwenye alumini, takriban mita 5,090 kwa sekunde. Kwa vipimo vyako inakuja hezi 634. Fomula inadhani shina limeshikwa kwa ukamilifu, na shina lako limefungwa kwa bolti, kwa hiyo 590 ni namba ya kuaminika kabisa. Ukifunga kifaa itashuka zaidi.

Sasa angalia hiyo "mara 5" ina maana gani. Ni mara 5 kwa mchapuko, kwa hiyo kwa g²/Hz ni mara 25, desibeli 14. Mpaka ulioruhusiwa ni desibeli 3. Mngeendesha mtetemo wa nasibu hivyo mlivyo, skrini ingesema imepita na satelaiti ingekuwa imechapwa mara 25 kwenye hezi 590, palepale ambapo pengine na bodi zenu za saketi zina masafa yake.

Kuhamishia akselerometa ya kuongoza juu, karibu na bolti za kifaa, ni bora kuliko mlivyo sasa, maana kontrola itapunguza nguvu pale jigi inapokuza. Ila bamba likicheza linapinda na kuzunguka, bolti za juu na za chini hazipati kitu kimoja. Rudisheni jigi karakana. Mbavu pande zote mbili, zichomelewe, ziende mpaka karibu na juu. Au bora zaidi, tengenezeni sanduku la mraba lenye kuta nene, kifaa kinafungwa juu kwa mhimili mmoja na ubavuni kwa mingine.

Bint Mekanika
Na mhimili wa pembeni je? Maana jigi ya pembe ukiisukuma mbele inaelekea kuinamisha kichwa.

Mtikisaji
Swali zuri sana dada. Kitovu cha uzito kikiwa juu ya mstari wa kusukumia, lazima kuwe na kuinama. Ndiyo maana kwenye hiyo jigi weka akselerometa za mihimili mitatu, usiangalie mhimili wa kipimo peke yake. IEC 60068-2-6, kanuni ya kimataifa ya upimaji kwa sini, inaweka mpaka wa mtetemo wa mihimili ya pembeni: usizidi asilimia 50 ya kiwango mpaka hezi 500, na asilimia 100 kupita hapo. Mpaka wenyewe ni mpana, na bado jigi nyingi zinaushindwa.

Kumbukumbu
Wakuu, tukiongelea udhibiti tusiisahau HESSI. Kwa wasioijua: chombo cha NASA cha kuchunguza milipuko ya jua, kiliongozwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tarehe 21 Machi 2000 kilikuwa kwenye sheka pale Jet Propulsion Laboratory (JPL), California, kwa kipimo cha mlipuko wa sini: mizunguko michache ya masafa ya chini, ya kujaribu nguvu ya umbo. Kilitakiwa kipate takriban 2 g. Kilipata takriban 20.

Meza ya kuteleza ilikuwa na hitilafu, ikawa inang'ang'ania badala ya kuelea juu ya mafuta. Kabla ya kipimo kontrola hupiga ishara ndogo ili ijue voti kiasi gani zinazaa g kiasi gani. Kwa kiwango hicho kidogo meza ilikuwa imenata, ikajibu kidogo sana, kontrola ikahesabu kwamba inahitaji kusukuma kwa nguvu nyingi. Ulipokuja mlipuko wenyewe, meza ikabanduka na nguvu yote ikafika kwa chombo. Na mlipuko wa sini ni mfupi mno, kontrola haipati nafasi ya kujirekebisha katikati.

Chombo kilikuwa kiruke Julai 2000. Kiliruka tarehe 5 Februari 2002, kikaitwa RHESSI, na kikafanya kazi hadi 2018. Watu walikaa wakakijenga upya sehemu zilizovunjika, na kila nikisoma habari zake nawaheshimu.

Mtikisaji
Mkuu umeleta kisa chenyewe. Hapo ndipo ninaposisitiza: endesha kipimo kizima, kiwango kamili, kwenye jigi yenye uzito wa bandia, kabla kifaa hakijagusa meza. Kama meza ina ugonjwa utauona kwenye kipande cha alumini cha kilo 6, si kwenye kazi ya watu ya miaka mitatu. Na ile namba ya voti kwa g iandikwe kwenye daftari la sheka kila siku. Leo ikitofautiana na ya wiki iliyopita kwa jigi ileile, simamisha, tafuta sababu.

La pili, akselerometa ya kuongoza iliyoanza kubanduka inafanya madhara yaleyale: inasoma kidogo, kontrola inaongeza nguvu. Nta inafaa kwa haraka na kwa viwango vidogo, ikipata joto inalegea. Kwa kipimo kamili tumia gundi ya nguvu au skrubu, na waya ufungwe kwa utepe sentimita chache kutoka kwenye akselerometa usipigepige. Weka na akselerometa ya akiba pembeni yake yenye mpaka wa kuzima sheka.

Fundi Paneli
Mimi niko upande wa paneli za umeme, zile zinazopimwa kwa tetemeko la ardhi. Naona mnataka jigi iwe kakamavu kabisa. Sisi kwetu la kwanza ni kabati lifungwe kama litakavyofungwa kituoni: bolti idadi ileile, kipenyo kilekile, mkazo uleule. Kabati likishikwa vizuri kuliko litakavyoshikwa kazini, kipimo hakina maana. Rilei (swichi zinazojiendesha kwa umeme) zinaweza kukaa kimya kwenye meza halafu zikachezacheza kituoni na kufungua saketi.

Mtikisaji
Nakubaliana nawe, na hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Jigi inatakiwa ipeleke mtetemo bila kuubadilisha. Ufungaji wa kifaa kwenye jigi unatakiwa ufanane na kazini. Kama kifaa kinakaa juu ya mpira wa kuzuia mtetemo, huo mpira ni sehemu ya kifaa, unafungwa nao. IEC 60068-2-47 imeandikwa kwa ajili ya ufungaji huu. Kwenu nyie kazi ina unafuu wa aina yake: nishati ya tetemeko iko chini ya hezi 33 hivi, jigi kakamavu kwa masafa hayo inapatikana bila shida. Taabu yenu ni mwendo: 1 g kwenye hezi 5 inataka milimita 10 kila upande, na hapo sheka za haidroliki ndizo zinazoweza.

Bint Mekanika
Swali la mwisho kwangu. Kuna wakati jigi ni nzuri, akselerometa iko kwenye bolti, lakini kifaa chenyewe kikifika masafa yake ya asili sheka inanguruma na nguvu inapanda ghafla. Mteja akaomba tupunguze kiwango hapo. Mwenzangu akasema huo ni udanganyifu.

Kumbukumbu
Si udanganyifu ukifanywa kwa haki. Kifaa kikiwa kwenye masafa yake, kinavuta shina lake kinyume, mtetemo wa shina unataka kushuka wenyewe. Kwenye roketi au gari halisi unashuka kweli, kwa sababu bamba ambalo kifaa kimefungwa juu yake linalegea nacho. Kwenye sheka kontrola hairuhusu kushuka, inasukuma kwa nguvu zote ili mstari ubaki umenyooka. Kifaa kinapata kipigo ambacho hakitakiona maishani. Ndiyo maana JPL walikuza njia ya kuweka mpaka wa kani: vipimo vya kani vinakaa kati ya jigi na kifaa, kontrola inafuata mchapuko na kani kwa pamoja, na kani ikigonga mpaka, mchapuko unaachiwa ushuke. Cassini, kile chombo cha Zohali, kilipimwa hivyo. NASA wameiweka kwenye mwongozo wao NASA-HDBK-7004.

Mtikisaji
Na mpaka huo, au shimo lolote mnalochimba kwenye kiwango (yaani kukipunguza kwenye masafa fulani), ukubaliwe na kuandikwa kabla ya kipimo, kina chake na upana wake kwa hezi. Ukichimbwa siku ileile kwa sababu mtu ameingiwa na hofu, hapo mwenzako ana hoja. Na kwanza mhakikishe kilele hicho ni cha kifaa, si cha jigi. Kipimo cha jigi yenye uzito wa bandia ndicho kitakachowaambia.

Kijana wa Satelaiti
Nimerudi wakuu, shukrani sana. Karakana wametuchonga sanduku la alumini, kuta milimita 30, limechomelewa. Tumepima tupu: kilele cha kwanza hezi 1,720, mara 2.4 tu. Tukifunga uzito wa bandia kinashuka hadi 1,530. Mhimili wa wima hauna kitu mpaka 2000. Tunafikiri bodi zetu ziko kati ya 300 na 600. Inatosha?

Mzee wa Karakana
Hapo sasa mmeongea lugha yangu.

Mtikisaji
Inatosha kufanya kazi, safi sana. Kilele cha jigi kiko mbali na bodi zenu. Mara 2.4 ni desibeli 7.6, bado iko nje ya mpaka, kwa hiyo msiiache kwenye 1,530 bila usimamizi. Wekeni akselerometa mbili za kuongoza karibu na bolti mbili za kifaa zilizo kona kwa kona, ongozeni kwa kubwa kuliko zote, na ya tatu ya kuangalizia kwenye kona nyingine. Kila akselerometa iwe kwenye uso wa jigi sentimita chache kutoka kwenye bolti, isikae juu ya kichwa cha bolti.

Siku ya kipimo anzeni na sini ya kiwango kidogo, mhifadhi grafu. Halafu nasibu: desibeli 12 chini, 6 chini, 3 chini, kisha kamili, na kila ngazi mtu aangalie mistari yote kabla ya kupanda. Mkimaliza kila mhimili rudieni ile sini ndogo. Masafa ya bodi yakihama zaidi ya asilimia 5, fungueni mkague skrubu na viungo vya solda kabla ya kugeuza mhimili. Kama satelaiti inakaa ndani ya kisanduku cha kurushia chenye reli, tegemeeni masafa yahame kidogo kadiri kiwango kinavyobadilika, kwa sababu ya ule uwazi mdogo kati ya reli na kuta. Hapo linganisheni sini ya kiwango kilekile kabla na baada, msilinganishe ngazi tofauti.

Bolti za sanduku kwenye meza zikazwe kwa spana ya kipimo, na mkazo uandikwe kwenye fomu. Mkigeuza mhimili mkasahau moja, hezi 1,530 zitakuwa hezi 900 na hamtajua kwa nini.